UREMBO: Jinsi ya kuchagua mafuta ya uso yanayofaa ngozi yako katika baridi ya Mlima Kenya

MSIMU wa baridi unapoingia mjini Nyeri kati ya Juni na Agosti, dalili zake huonekana kwanza usoni. Mashavu hupauka, pembe za midomo huchanika na ngozi iliyo kando ya pua huanza kubambuka. Mwanafunzi anayeelekea shuleni alfajiri katika ukungu, mhudumu wa bodaboda anayekabiliana na upepo katika barabara ya kwenda Othaya, na mchumaji majani chai aliye shambani kabla ya jua kuchomoza, wote huwa na swali moja: nijipake nini?

Zamani swali hilo lilikuwa na majibu machache. Siku hizi maduka ya vipodozi mjini Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru yamejaa chupa ndogo za mafuta ya uso za kila rangi na kila bei. Kuna ya parachichi, ya makadamia, ya nazi, ya mbarika, ya alizeti na mengine yaliyotoka Morocco na Australia. Kila chupa inaahidi ngozi nyororo.

Ukweli ni kwamba hakuna mafuta yanayomfaa kila mtu. Yale yaliyomng'arisha dada yako huenda yakakujaza chunusi. Na katika rafu hizo hizo, kando ya mafuta mazuri, aghalabu huwa kuna chupa ambazo zinaweza kukuharibu ngozi kwa muda mrefu. Ndiyo maana inafaa kujua mafuta hufanya kazi gani, yapi yanaafiki ngozi ya namna gani, na yapi ya kuepukwa kama ukoma.

Kwa nini ngozi hukauka milimani

Mji wa Nyeri umo kwenye kimo cha takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki inapita mita 1,900, ilhali Embu iko karibu na mita 1,350. Hewa baridi ya miinuko hii haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji kama hewa ya joto. Inapoingia nyumbani na kupashwa moto na jiko, huwa kavu zaidi na hufyonza maji kutoka popote inapoyapata, ikiwemo ngozi yako.

Miji ya mlimani haifanani. Mvua nyingi huletwa na pepo za kutoka Bahari ya Hindi, ambazo huumwaga unyevu wake kwenye miteremko ya kusini na mashariki. Hiyo ndiyo sababu Embu, Chuka na Meru zina kijani kibichi. Nanyuki, iliyo upande wa kaskazini-magharibi, imo katika kivuli cha mvua, na upepo wake mkavu wa nyanda za Laikipia hukausha uso hata wakati hakuna baridi kali. Mkazi wa Nanyuki basi anaweza kuhitaji mafuta mazito kuliko ndugu yake anayeishi Embu, hata kama wamezaliwa na ngozi ya aina moja.

Januari na Februari nayo ina vituko vyake. Mchana jua huwaka, usiku baridi huuma, na vumbi hujaa hewani. Aidha, baridi humfanya mtu aoge na kunawa kwa maji yanayochoma. Maji hayo pamoja na sabuni kali huyaondoa mafuta asilia ya ngozi, na mtu huishia kuilaumu hali ya hewa kwa kosa ambalo nusu yake amelitenda mwenyewe bafuni.

Mafuta hufanya nini hasa?

Wengi huamini kwamba mafuta hutia maji ngozini. Sivyo. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo ngozini yasitoroke, na kulainisha uso wa ngozi uliokwaruza.

Tabaka la juu la ngozi linaweza kufananishwa na ukuta wa mawe. Seli zilizokufa ndizo mawe, na katikati yake kuna mafuta asilia yanayozishikanisha kama udongo. Udongo huo ukipukutika kwa sababu ya baridi, sabuni au umri, nyufa hutokea. Maji hutoka kupitia nyufa hizo, na vijidudu na vumbi navyo hupata njia ya kuingia. Mafuta ya kujipaka huziba nyufa hizo kwa muda.

Kutokana na hilo, ni lazima kuwe na maji ya kuzuiwa kabla mafuta hayajapakwa. Ukiyapaka juu ya uso uliokauka kabisa, unafunga mlango wakati mgeni ameshaondoka. Maji hayo hutoka katika mambo mawili: unyevu unaobaki baada ya kunawa, na losheni zenye viambato vinavyovuta maji, kama vile gliserini.

Vilevile, kuna tofauti kati ya ngozi kavu na ngozi iliyopungukiwa na maji. Ngozi kavu hukosa mafuta, na hali hiyo kwa kawaida ni ya kuzaliwa. Ngozi iliyopungukiwa na maji inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata mwenye uso unaong'aa kwa mafuta. Mtu wa namna hii huona uso wake unameremeta saa sita mchana, na papo hapo anauhisi ukimbana. Akizidisha mafuta mazito hatapata nafuu. Anachohitaji ni losheni nyepesi kwanza, kisha mafuta kidogo sana juu yake.

Tambua ngozi yako kabla ya kwenda dukani

Kipimo chepesi unaweza kukifanya nyumbani. Nawa uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ujikaushe taratibu, kisha usipake chochote kwa muda wa saa moja. Baadaye, bonyeza karatasi laini ya shashi kwenye paji la uso, pua, mashavu na kidevu.

Iwapo karatasi haina alama yoyote na uso unahisi kubanwa au kuwasha, ngozi yako ni kavu. Ikiwa ina madoa ya mafuta kutoka kila sehemu, ngozi yako ni ya mafuta. Ikiwa madoa yametoka kwenye paji, pua na kidevu tu huku mashavu yakiwa makavu, ngozi yako ni mchanganyiko. Ikiwa hakuna mafuta mengi wala hisia ya kubanwa, una ngozi ya kawaida. Ngozi nyeti ni ile inayowaka, kuwasha au kutoka vipele kila inapoguswa na kitu kipya, na inaweza kuwa kavu au ya mafuta.

Rudia kipimo hicho msimu ukibadilika. Ngozi iliyokuwa ya mafuta mwezi wa Machi inaweza kuwa ya kawaida Julai, na mahitaji yake hubadilika vilevile.

Ngozi kavu

Hii ndiyo ngozi inayofaidika zaidi na mafuta. Parachichi na makadamia, mazao ambayo wakulima wa Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru wanayafahamu vyema, hutoa mafuta yanayoifaa. Yote mawili yana kiasi kikubwa cha asidi ya oleiki, ambayo hulainisha na kukaa ngozini kwa muda.

Makadamia, mti wenye asili ya Australia, ina sifa ya ziada. Takriban sehemu moja kwa tano ya mafuta yake ni asidi ya palmitoleiki, ambayo pia hupatikana katika mafuta asilia ya ngozi ya binadamu. Hivyo hayakai juu ya uso kama gundi. Watu wa umri mkubwa, ambao ngozi yao huzalisha mafuta machache kuliko walipokuwa vijana, aghalabu huyapenda.

Wakati wa baridi kali, mafuta mazito yanayotokana na petroli hayajapata mshindani wa kweli. Vaseline, iliyosajiliwa kama uvumbuzi nchini Marekani na Robert Chesebrough mwaka wa 1872, huzuia maji kutoroka kuliko karibu mafuta yote ya mimea. Katika eneo hili la wafugaji, mafuta ya kukamulia ng'ombe kama vile Arimis nayo yaliingia katika nyumba za watu kitambo, kutoka kwenye chuchu za ng'ombe hadi kwenye mikono na nyuso. Mtu mwenye ngozi kavu sana anaweza kupaka mafuta mazito ya aina hii usiku, safu nyembamba tu, hususan kwenye midomo na mashavu yaliyochanika.

Ngozi ya mafuta na yenye chunusi

Wenye ngozi hii huogopa mafuta, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo, kuikausha ngozi kwa sabuni kali na spiriti si tiba. Huiacha ikiwa imekereketa, na dawa za chunusi huwa vigumu kuvumilika.

La kuzingatia ni aina ya mafuta. Watafiti wamebaini kwamba mafuta asilia ya watu wenye chunusi aghalabu huwa na upungufu wa asidi ya linoleiki. Kwa hivyo mafuta mepesi yenye asidi hiyo kwa wingi, kama vile ya alizeti, ya mbegu za zabibu na ya mbegu za waridi mwitu, huwa salama zaidi kwao. Jojoba pia hufaa. Ingawa huitwa mafuta, kwa hakika ni nta ya majimaji inayotokana na mbegu za kichaka cha jangwani huko Mexico na Marekani, na inafanana na sehemu ya mafuta ya ngozi yetu.

Mafuta ya nazi ni bora yaepukwe usoni kwa mwenye chunusi, kwani huziba vinyweleo kwa urahisi. Orodha zinazoonyesha kiwango cha kuziba vinyweleo zichukuliwe kama mwongozo tu. Nyingi zilitokana na majaribio yaliyofanywa kwenye masikio ya sungura, na uso wa binadamu si sikio la sungura.

Kosa jingine huanzia kichwani. Mwaka wa 1970, madaktari wa ngozi Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza katika utafiti wao nchini Marekani chunusi za paji la uso zilizosababishwa na mafuta ya nywele. Hali hiyo ingali inaonekana miongoni mwa wasichana na wavulana wanaopaka nywele mafuta mazito, kisha yakayeyuka na kuteremka hadi kwenye paji. Ikiwa vipele vyako vimejipanga kando ya nywele, chunguza kopo la mafuta ya nywele kabla ya kulaumu ya uso. Na unapolala, funga nywele kwa kitambaa ili mto usipokee mafuta na kuyarudisha shavuni.

Ngozi mchanganyiko na ya kawaida

Mwenye ngozi mchanganyiko hana haja ya kununua chupa mbili. Atumie mafuta mepesi, apake mashavu na maeneo ya kando ya macho, na aache pua na paji vipate mabaki ya vidole tu. Mwenye ngozi ya kawaida ana uhuru mkubwa: alizeti wakati wa joto na parachichi wakati wa baridi yanaweza kumtosha.

Ngozi nyeti, ukurutu na mba ya usoni

Kwa ngozi nyeti, sheria ni moja: viambato vikiwa vichache ndivyo bora. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi, na manukato ya mimea si salama kwa kuwa tu ni ya asili. Mafuta ya mti wa Melaleuca alternifolia wa Australia, ambao hauna uhusiano wowote na chai yetu ya Othaya na Mukurweini, yanaweza kuunguza ngozi yakipakwa bila kuchanganywa. Maji na mafuta ya ndimu nayo huifanya ngozi iungue juani na kubaki na mabaka meusi.

Wazazi wa watoto wenye ukurutu wanapaswa kuwa makini na mafuta ya zeituni. Mwaka wa 2013, watafiti wakiongozwa na Simon Danby wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliripoti kwamba mafuta ya zeituni yalidhoofisha ukuta wa ngozi ya watu waliojitolea kwa jaribio, ilhali ya alizeti hayakuonyesha madhara hayo. Chupa ghali ya zeituni basi si lazima iwe bora kuliko alizeti ya bei nafuu.

Mba ya usoni huchanganya watu wengi. Hutokea kwenye nyusi, kando ya pua na katikati ya ndevu, na huonekana kama ukavu wa kawaida. Mtu huona ngozi inabambuka, akaongeza mafuta, na hali ikazidi. Kisa ni kwamba ukuvu unaohusishwa na mba hustawi kwa kula mafuta, hasa ya mimea. Mwenye tatizo hili apunguze mafuta na amwone mhudumu wa afya ili apate dawa ya kuua ukuvu.

Mafuta ya nyumbani na ya mababu

Kujipaka mafuta si jambo geni katika nchi ya Mlima Kenya. Agikuyu wa zamani walijipaka mafuta ya mbarika, mara nyingine wakiyachanganya na udongo mwekundu kwa ajili ya urembo na sherehe. Mbarika zingali zinamea kando ya mashamba na barabara. Mafuta yake ni mazito mno kwa sababu karibu asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki. Peke yake huganda usoni na kuvuta vumbi, kwa hivyo hufaa kuchanganywa: sehemu moja ya mbarika kwa tatu au nne za alizeti. Nyusi na midomo iliyokauka zinaweza kuyapokea bila kuchanganywa. Tahadhari: nunua yaliyotengenezwa kiwandani, wala usijaribu kusaga mbegu mwenyewe. Mbegu hizo zina sumu kali iitwayo risini.

Anayeleta mafuta ya nazi kutoka Mombasa naye hushangaa kuyakuta yameganda kuwa meupe asubuhi moja ya Nyeri. Hayajaharibika. Huganda kiwango cha joto kinaposhuka chini ya takriban nyuzi 24, na huyeyuka tena mkononi. Ni mazuri kwa mikono, miguu na visigino kuliko kwa uso.

Je, mafuta ya kupikia yanafaa? Ya alizeti ambayo hayajatumika, yasiyo na harufu ya kuchacha, hayana ubaya kwa mtu asiye na uwezo wa kununua chupa ya dukani. Yaliyokwisha kukaangiwa yasiguse uso kamwe. Mafuta yanayotengenezwa nyumbani kwa kuponda parachichi pia hayakai, kwa kuwa hubaki na maji na nyama ya tunda, na huoza upesi.

Namna ya kupaka

Nawa uso kwa maji ya vuguvugu. Jipanguse kwa taulo safi kwa kugusagusa, bila kusugua, na uache unyevu kidogo. Kama una losheni, itangulie. Kisha, ndani ya dakika tatu hivi, tia matone mawili au matatu ya mafuta kwenye kiganja, sugua viganja pamoja mpaka yapate joto, na ubonyeze usoni kwa upole. Shingo isisahaulike.

Matone matatu huonekana machache kwa mtu aliyezoea kung'aa. Lakini uso ukiachwa ukimeremeta, vumbi la barabarani hunata na kiasi kilichozidi huishia kwenye kola ya shati. Ikiwa baada ya dakika kumi bado unateleza, umezidisha.

Usiku ndio wakati bora. Asubuhi, wenye ngozi ya mafuta wanaweza kuruka hatua hii na kutumia losheni pekee. Mhudumu wa bodaboda na mchumaji chai wanaweza kupaka kidogo kabla ya kutoka, kisha wakafunika uso kwa skafu. Kitambaa hukinga upepo kuliko chupa yoyote.

Kabla ya kuyaeneza usoni mafuta mapya, yajaribu. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku saba. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, yaache. Na uanzishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeanza mafuta, sabuni na losheni mpya siku moja hawezi kujua ni kipi kilichomdhuru.

Jua la milimani halidanganyiki

Baridi huwafanya wakazi wengi waamini kwamba jua la Nyeri ni pole kuliko la Mombasa. Kinyume chake ndicho kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ikweta nayo inapita hapa hapa Nanyuki. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hivyo mtu anaweza kudhurika siku ambayo hajaliona jua.

Mafuta ya mimea hayazuii jua kiasi cha kutosha, hata kama lebo inadai hivyo. Paka losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, ukianza na mafuta, ukasubiri yanywewe kwa dakika kadhaa, halafu losheni hiyo ikafuata juu. Kofia pana husaidia pia. Kwa watu wenye ulemavu wa ngozi, kinga hii si urembo bali ni uhai, kwani saratani ya ngozi ni tishio kubwa kwao.

Kwa wenye ngozi nyeusi, jua lina hila nyingine. Kila chunusi iliyopona huacha doa, na jua hulifanya doa hilo liwe jeusi zaidi na likae miezi mingi. Hapa ndipo wengi hupotea njia.

Mafuta yanayochubua: mtego mkubwa

Mtu mwenye madoa huambiwa na muuzaji au rafiki kwamba kuna mafuta ya kuyafuta kwa wiki moja. Wakati mwingine huuzwa kwenye chupa isiyo na lebo, yakidaiwa kuchanganywa kwa mimea. Siku za kwanza ngozi hung'aa kweli. Wateja huja tena, na habari huenea.

Kinachofanya kazi ndani ya nyingi za chupa na krimu hizo ni kimojawapo cha vitu vitatu: steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi, ambazo kwenye lebo huweza kuandikwa clobetasol au betamethasone, ni dawa halali hospitalini kwa magonjwa mahususi na kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni miezi na miezi, hufanya ngozi kuwa nyembamba, hutoa mishipa ya damu nje, huleta chunusi sugu na hata kudhuru macho. Anayeacha ghafla huweza kuwashwa na kuvimba, naye akadhani kwamba mafuta yale ndiyo yaliyokuwa tiba. Akayarudia, na mtego ukafunga.

Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya buluu-nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Afrika Kusini, ambako madhara hayo yalishuhudiwa kwa wingi, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka wa 1990. Zebaki hudhuru figo na neva, na humfikia mtoto aliye tumboni. Nchini Kenya, vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku, lakini marufuku hayazuii chupa kupita chini ya meza.

Ukweli usiopendeza ni huu: hakuna mafuta halali yatakayobadilisha rangi ya ngozi kwa wiki moja. Madoa ya chunusi hufifia polepole kwa kujikinga na jua na kutokwaruza vipele. Ahadi ya haraka yenyewe ni onyo tosha.

Unaponunua

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chupa ya kupendeza haimaanishi mafuta safi. Soma lebo nyuma, si mbele. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache, na mimea aghalabu huandikwa kwa majina ya kisayansi. Alizeti ni Helianthus annuus, parachichi ni Persea gratissima, mbarika ni Ricinus communis, nazi ni Cocos nucifera na argani ya Morocco ni Argania spinosa. Chupa inayojigamba kuwa ya argani huku jina hilo likiwa la mwisho kwenye orodha, na Paraffinum liquidum likiwa la kwanza, imekuuzia mafuta ya petroli kwa bei ya argani. Mafuta hayo si sumu, lakini umepunjwa.

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kutuma arafa kwa 20023. Angalia tarehe ya kuharibika, na uhakikishe kizibo hakijafunguliwa. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, anwani wala orodha ya viambato irudishwe kwenye rafu, hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa.

Chagua chupa ndogo, ikiwezekana ya kioo cheusi au cha rangi ya kahawia. Mwanga na joto huchachisha mafuta, kwa hivyo yaweke mbali na dirisha na jiko. Yaliyofunguliwa yatumike ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Ukisikia harufu kama ya njugu za zamani au rangi ya ukutani, yatupe.

Wakati wa kumwona daktari

Mafuta hayatibu kila ukavu. Tafuta huduma katika kituo cha afya, au uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa ya kaunti, iwapo ngozi inapasuka na kutoa maji, inawasha hadi kukunyima usingizi, ina kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, au ina chunusi kubwa zinazoacha makovu. Aliyetumia mafuta ya kuchubua kwa muda mrefu asiyaache kimyakimya kwa aibu. Aende na chupa yenyewe, amweleze daktari ukweli, na asaidiwe kuyaacha hatua kwa hatua.

Kwa wengine wote, utaratibu hauna gharama kubwa: maji ya vuguvugu badala ya yanayochoma, sabuni isiyo kali, matone matatu ya mafuta yanayoafiki ngozi yako wakati uso ungali na unyevu, na kinga ya jua kila asubuhi. Chupa ndogo ya alizeti safi inayotumiwa hivyo itamfaa mkazi wa Nyeri mwezi wa Julai kuliko chupa ya maelfu ya shilingi inayopakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka.